Fundi Mojamoja na Kompyuta Iliyokataa Kulala

Hebu mwone kwanza anavyoingia. Mwanamke wa makamo, mfupi, kajaa kidogo, miwani imefungwa uzi mweusi upande mmoja, begani kaning'iniza mkoba wa turubai ambao zamani mumewe alibebea mashine za kunyolea. Haendi haraka. Akifika mlangoni haulizi tatizo liko wapi. Anasimama, anavua miwani, anaifuta kwa pindo la gauni, anaivaa tena, anakitazama chumba chote kuanzia dari hadi sakafu, na hapo ndipo anapotoa salamu. Asiyemjua atadhani ni mtu aliyekosea ofisi. Anayemjua atainuka ampishe kiti, akijua kwamba leo hakuna wa kumharakisha.

Mtaani kwao wanamwita Fundi Mojamoja. Jina hilo alibandikwa na mumewe, kinyozi mwenye mdomo, ambaye duka lake na la mkewe yamegawana ukuta mmoja wa mbao. Sababu yenyewe ni kwamba mwanamke huyu, akitengeneza kompyuta, habadilishi vitu viwili kwa mpigo hata umshikie fimbo. Atagusa kimoja, atawasha, atangoja. Kama hicho hakina kosa, atakirudisha palepale kilipokuwa, kisha ndipo aguse cha pili. Kinyozi huwaambia wateja wake, kwa sauti ya kupita ukuta, kwamba siku ukimpa mke wake kichwa akunyoe, atakata unywele mmoja, aweke mkasi chini, akuulize unajisikiaje. Wateja hucheka, na kutoka upande wa pili wa mbao husikika sauti ikijibu taratibu kwamba angalau huku hakuna aliyewahi kutoka na kidonda kisogoni.

Hakusomea ufundi popote. Ujana wake wote aliumaliza katika chumba cha simu cha hospitali moja kubwa, vidude vya kusikilizia vikiwa masikioni, akiunganisha watu wenye haraka na watu waliokuwa hawapatikani. Mtu anapiga analia, hata hajui anamtaka nani. Yeye anamwacha alie, halafu anamwuliza jambo moja, kisha jingine, hadi wodi inajulikana. Ilipoletwa mitambo inayojiunganisha yenyewe, mikono yake ikakosa kazi, akahamishiwa stoo. Huko ndiko alikokuta kompyuta mbovu zimerundikwa hadi dirishani, zimeshakatiwa tamaa. Akaanza kwa udadisi tu. Anachomoa kipande kwenye maiti moja, anakitia kwenye maiti nyingine, anatazama. Kikikataa anakirudisha. Siku ya kwanza moja ilipotoa mlio na kuwaka, alitoka stoo akaenda kukaa kwenye ngazi, akashika mashavu, akacheka peke yake. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alipopewa habari ile alisema ni vizuri sana, ila redio yake isiguswe.

Redio iliguswa. Ilipona, lakini bibi hakumsamehe mpaka baada ya muda.

Sasa, ofisi iliyomwita safari hii ilikuwa inachapa vitabu vya shule kwa maandishi ya nukta nundu, yale ya kusomwa kwa vidole, kwa ajili ya watoto wasioona. Ni nyumba ya kawaida ya ghorofa moja, ukumbi mbele, vyumba vinne vya kazi nyuma, na baraza pana inayozunguka upande wa uani. Chumba cha mwisho ndicho chenye kompyuta kubwa ya mezani na mashine ya kuchapia, ambayo ikianza kutoboa karatasi inapiga kelele kama mvua ya mawe kwenye bati. Mwenye chumba hicho ni mzee mmoja, mwenyewe haoni tangu utotoni, ambaye wenzake walimpachika jina la Mzee Vidole, maana anasoma ukurasa kwa ncha za vidole kabla mwenye macho hajapata miwani yake.

Mkuu wa ofisi, mama mrembo wa maneno machache, alimpokea fundi ukumbini na kumweleza kwa sauti ya chini. Kompyuta iliyokuwepo zamani iliungua pamoja na soketi yake. Bahati nzuri ilikuwa mchana, watu wakauwahi moto. Ikaletwa hii nyingine, iliyotumika mahali pengine lakini nzima. Tangu imefika, kila asubuhi yeye mkuu akifungua chumba kwa ufunguo wake wa akiba anaikuta inawaka, feni inazunguka, imekesha. Mzee anaapa kwamba anaizima kila jioni kabla ya kutoka. Mchana ikizimwa, inazimika vizuri na kutulia. Kwa hiyo, alisema mkuu akitazama kucha zake, labda kompyuta ni mbovu, na labda mzee amechoka. Wiki mbili zikiisha bila jibu, ufunguo wa chumba utakwenda kwa mtu mwingine, na Vidole atapewa kazi ya kukagua kurasa ukumbini, pamoja na wenzake, mahali ambapo kuna wa kumwangalia.

Fundi alikwenda hadi chumba cha mwisho, akasimama mlangoni, akafuta miwani.

Mzee Vidole alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza, kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Alisikia mkoba ukiwekwa chini, akageuza uso.

"Mama fundi, karibu. Umeambiwa nini kabla hujaingia humu?"

"Shikamoo mzee wangu. Nimeambiwa kompyuta inajiwasha."

"Marahaba. Hukuambiwa kwamba mzee anasahau?"

Fundi aliona hapana sababu ya kuzunguka. "Hilo pia nimeambiwa."

"Umeamini lipi?"

"Wewe unasemaje?"

"Naizima. Kila jioni. Sauti yake inaniaga, naweka kiganja juu ya boksi mpaka mtetemo uishe kabisa, ndipo ninasimama."

"Basi imezimwa," akasema fundi, akivuta kiti. "Mimi naanzia hapo."

Ukiyasoma hivi, maneno haya ni mepesi. Lakini mzee aliipapasa pembe ya meza kwa kidole gumba, kisha akamwuliza kama anatumia sukari kwenye chai. Tangu jambo hili lianze, kila aliyeingia chumbani humo alianzia upande wa pili: mzee, hebu kumbuka vizuri, mzee, una hakika, mzee, si ulikuwa umechoka juzi. Huyu wa leo alikuwa wa kwanza kuanzia kwake.

Kazi ikaanza, na kama jina lilivyo, ikaenda moja moja. Zipo kompyuta ambazo zikizimwa huacha jicho moja wazi. Likija lolote kupitia kebo ya mtandao, zinaamka. Fundi akaichomoa kebo hiyo, akamwomba mzee jioni aizime kama kawaida, akaenda zake. Asubuhi simu ikaita: inawaka. Fundi akarudi, akaichomeka kebo mahali pake na kuipigapiga kidogo. "Samahani, ndugu yangu, tumekusingizia," akaiambia. Mzee Vidole alicheka hadi akatoa leso. Akasema hajawahi kusikia waya ukiombwa radhi, na kwamba hata yeye katika ofisi ile hajapata bahati hiyo.

Zamu ya kipanya ikafika, kwa sababu kipanya kikitikiswa na lori linalopita barabarani kinaweza kuiamsha kompyuta yenye usingizi mwepesi. Asubuhi: inawaka. Kipanya kikaombwa radhi. Ikafuata kibodi. Ikafuata kile kitufe cha kuwashia chenyewe, ambacho kikikwama ndani huendelea kubonyeza bila mtu. Fundi alikifungua, akakipuliza vumbi, akakijaribu kwa ncha ya kalamu mpaka akaridhika kwamba hakina hila. Akaingia pia kwenye mipangilio inayoifanya kompyuta isizimike kabisa bali isinzie ili iwahi kuamka, akaifunga. Kila jioni mzee alizima, kila asubuhi mkuu alikuta feni inazunguka. Na mchana, mbele ya macho ya fundi, hiyo hiyo kompyuta ikizimwa inalala fofofo kama iliyolipwa.

Nyumbani, kinyozi alianza kuuliza ni mgonjwa gani huyu anayetuma taarifa ya hali yake kila alfajiri kabla watu hawajanywa chai. Alimshauri mkewe abadilishe kila kitu kwa mpigo, yaishe. Mkewe akamjibu kwamba akibadilisha vyote kwa mpigo na ikapona, hatajua ilikuwa inaumwa nini, na mzee wa watu hatajua kama alikuwa mzima. Kinyozi, ambaye mdomo wake haukosi la kusema, safari hii alimmiminia chai.

Kwa maana katika zile saa za kungoja, mzee alikuwa ameshamfungulia moyo. Kwanza walizungumza ya kazi: jinsi kitabu cha hesabu kinavyosumbua, kwa kuwa mchoro wa pembetatu hauwezi kusomwa bali ni lazima uguswe, jinsi alivyowahi kuzuia kitabu kizima kisitoke kwa sababu ya nukta moja iliyokaa pembeni, na wenzake wakanuna. Halafu siku moja, bila kuulizwa, akasema kwamba mama yake mzazi alianza hivihivi. Alianza na birika jikoni. Akaapa ameliondoa motoni, na birika likakutwa limekauka, jeusi. Baadaye likafuata jina la jirani, baadaye majina ya watoto. Tangu kompyuta hii ianze visa vyake, mzee alisema, akifika nyumbani anajifungia chumbani na kujisomea kwa kichwa ukurasa wote alioupiga chapa mchana, mstari kwa mstari, kujipima. Mkwe wake, mke wa mwanawe, akamsikia anaongea peke yake, naye akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Kurasa nazikumbuka," alisema. "Lakini na mama alikuwa anakumbuka nyimbo zote."

Fundi hakumwambia asijali. Alijua maneno hayo hayana uzito wowote. Alimwuliza tu kama leo angependa aanze kuushuku waya wa umeme au ile betri ndogo ya ndani, na mzee akachagua betri, wakaendelea.

Betri ikapimwa bila kung'olewa, ikakutwa nzima, nayo ikaombwa radhi.

Asubuhi iliyofuata mkuu alimwita fundi pembeni, akamwonyesha ukutani alama nyeusi ya soketi iliyoungua, iliyopakwa rangi juu lakini bado inajitokeza. Hakuwa na hasira. Alisema watoto wa shule kadhaa wanangoja vitabu kutoka chumba kile, na chumba kikiungua hakuna kingine. Kisha akashusha sauti zaidi. Kuna jambo hakulisema mwanzo, kwa kumstahi mzee. Baada ya ule moto alitoa agizo kwenye kikao kwamba anayetoka wa mwisho ashushe swichi kubwa ya umeme wa vyumba vya nyuma, ile iliyo kwenye kisanduku barazani. Anayetoka wa mwisho ni Mzee Vidole. Na kila asubuhi, siyo kompyuta peke yake inayokutwa inawaka. Hata swichi yenyewe anaikuta iko juu. Alishamwuliza mlinzi wa usiku kama kuna mtu huingia ofisini baada ya watu kuondoka, na mlinzi akajibu kwamba haingii hata paka.

"Kwa hiyo si kimoja, ni viwili," akasema mkuu. "Fundi, nisaidie. Mwambie imeshindikana, inahitaji mtu mwenye macho wa kuisimamia. Nimchukulie ufunguo kwa njia hiyo, asiumie."

Hapa, msomaji wangu, nisikufiche: fundi alitetereka. Alitembea hadi barazani, akakifungua kisanduku, akaitazama ile swichi iliyo juu, na moyo ukamwambia kwamba huenda siku zote hizi amekuwa akiiomba radhi mitambo badala ya kumpa mzee pole. Mzee hakuwahi kumtajia habari ya swichi. Kwa nini amfiche? Alisimama pale mpaka mfagizi akamwomba apishe.

Lakini alikuwa mtu aliyezoea kusikiliza simu za watu waliochanganyikiwa. Aliowajua wasahaulifu walikuwa na tabia moja: hawana mpangilio. Leo anasahau hiki, kesho anakumbuka hicho na kusahau kile, keshokutwa anakumbuka vyote ila kavaa viatu viwili tofauti. Huyu mzee, kwa mujibu wa mkuu, alikuwa akisahau mambo mawili yaleyale, pamoja, kila siku, bila kukosa hata siku moja. Msahaulifu gani huyo asiyesahau kusahau?

Akarudi chumbani, akafunga mlango.

"Mzee wangu, kuna swichi barazani."

Mzee Vidole aliinamisha kichwa. Ilikuwa kana kwamba amevuliwa shati. Akasema naam, ipo, na anaishusha, kila siku anaishusha, mkono wake unaujua ule ubaridi wa kile chuma. Hakumtajia kwa sababu aliona aibu. Kompyuta peke yake mtu anaweza kuisingizia ubovu, lakini swichi haina akili, swichi haina programu, swichi haijiinui. Alipoambiwa kwamba nayo inakutwa juu, ndipo alipoanza kuamini kwamba anayeharibika ni yeye.

"Unaishusha," akarudia fundi.

"Naishusha, mama."

"Haya. Imeshushwa. Na kompyuta imezimwa. Naanzia hapo tena. Leo usipande gari la ofisi, utakaa na mimi."

Jioni ikafika. Kwa kawaida gari la ofisi hungoja mbele, injini inaunguruma, dereva anampigia honi kila mtu aliyechelewa, na mzee, akishamaliza kufunga, hupapasa ukuta haraka haraka mpaka getini asiwaudhi wenzake. Safari hii gari liliondoka bila yeye. Fundi alimwomba afanye kila kitu kama siku zote, wala asimjali. Akamwona akiizima kompyuta. Akaisikia sauti yake ikiaga. Akamwona anaweka kiganja juu ya boksi, kichwa kaelekeza pembeni, mpaka mtetemo ukaisha. Akamwona anafunga mlango kwa ufunguo, anausukuma mara mbili, anahesabu kwa mkono nguzo za baraza, anakifungua kisanduku, anaishusha swichi. Ilishuka kwa kishindo. Hakuna kitu hata kimoja alichokiacha, na alikifanya kwa utaratibu ambao fundi, aliyefanya kazi miaka na madaktari, aliuona kwa wachache sana.

Wakakaa kwenye benchi barazani, upande wa ndani wa kona, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa chumba chenyewe. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Fundi alitaka kuzungumza. Mzee akainua kidole, amnyamazishe. Anasikia viatu.

Alikuwa ni mlinzi wa usiku, akiingia kwa geti la uani, kijana mwenye koti kubwa kuliko yeye. Hakuwaona. Aliweka chakula chake kwenye kiti, akanyanyua macho kuitazama taa iliyo juu ya geti lile, akaibonyeza swichi yake ndogo ukutani, taa ikakataa. Akaguna, bila mshangao, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kisanduku, akainyanyua swichi kubwa. Taa ya geti ikawaka, ikamulika uani kote.

Na mzee Vidole akaukamata mkono wa fundi. Sikio lake lilikuwa ukutani. Kabla fundi hajasikia chochote, yeye alikuwa ameshasikia: upande wa pili, ndani ya chumba kilichofungwa, feni inaanza kuzunguka.

"Imeamka," akanong'ona. "Mama, imeamka yenyewe."

Mlinzi aliruka kwa woga alipowaona, akauliza kwanza kama wao ni watu. Walipomweleza, alibaki kashika kofia mkononi. Akasema tangu siku chache baada ya ule moto, kila akija anakuta swichi iko chini na taa yake ya geti imekufa. Hakuna aliyempa habari ya agizo lolote. Vikao hufanyika asubuhi, na yeye asubuhi yuko kitandani. Akajua anayetoka wa mwisho ni mzee asiyeona. Akafikiri mzee, akipapasa ukuta, mkono wake unakosea unaigonga swichi bila kujua. Kwa mtu kama yeye, taa ikiwaka au isipowaka, atajuaje?

"Nikasema nimsitiri mzee wangu," mlinzi alisema, macho chini. "Naiinua, nakaa kimya. Nikimsemea kwa mkuu, watasema hawezi kazi."

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo, kisha mzee akashindwa, akacheka kwa sauti mpaka ikageuka kuwa kitu kingine, akatafuta leso.

Baadaye fundi aliingia chumbani, akaizima kompyuta na kuiwasha upya, akabonyeza kibodi mfululizo ili afike kwenye ile mipangilio ya ndani kabisa, inayosomwa kabla kompyuta haijajitambua. Akamsomea mzee mstari mmoja baada ya mwingine mpaka wakakifikia kilichokuwa kimejificha siku zote: umeme ukikatika kisha ukarudi, washa. Huko ilikotoka bila shaka ilikuwa mashine isiyotakiwa kulala kamwe, na watu wake waliifundisha hivyo. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inatii. Fundi akabadilisha hilo moja tu, wakaenda barazani wakashusha swichi na kuipandisha, wakarudi kusikiliza. Kimya. Mzee aliweka kiganja juu ya boksi, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi walimweleza mkuu, wote wawili, na mlinzi akiwa amesimama nao na usingizi machoni. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa. Hakumtafuta wa kumlaumu. Alisema agizo alilitoa yeye, kwa watu wa mchana, na taa ya geti hakuifikiria hata kidogo. Akaagiza waya wa taa ile uhamishiwe kwenye umeme wa mbele. Kisha akamgeukia Vidole, akaanza sentensi ikamshinda, akaanza nyingine. Mwisho akasema, "Mzee, ufunguo uko kwako?" Mzee akajibu kwamba uko mfukoni. Mkuu akasema, "Basi ubaki huko," akaondoka haraka kuelekea ukumbini, na fundi akamwona anajifuta jicho karibu na ile alama nyeusi ya ukutani.

Kinyozi alipopewa habari yote alimaliza kumnyoa mteja mmoja, kisha akatangaza kwa watu wote dukani kwamba mke wake, baada ya kuituhumu kila waya ulio ndani ya boksi, amegundua mgonjwa alikuwa mzima. Kutoka upande wa pili wa mbao sauti ikajibu kwamba hilo ndilo alilokwenda kulitafuta.

Lakini kuna neno moja ambalo fundi alilibeba hadi nyumbani, na ameniachia na mimi. Pale barazani, kabla hawajaachana, Mzee Vidole alimshukuru mlinzi kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Mwanangu, siku nyingine ukiniona nimekosea, niambie." Mlinzi akamwuliza, "Na ningekuambia, mzee, ungejisikiaje?" Mzee akafikiri. "Vibaya sana," akasema. "Lakini ningejua." Mlinzi alivaa kofia, akaenda kukaa kwenye kiti chake chini ya taa, na fundi anasema uso wake haukuwa wa mtu aliyekubali wala aliyekataa.

Wewe je? Ungekuwa umeikuta taa yako imezimwa, na unaamini aliyekuzimia ni mzee wa watu asiyejua kama amekosea, ungemngoja siku ya pili umwambie usoni, au ungeinyanyua swichi na kunyamaza?